Kilo 15 za kujiokoa: rubani wa 206 aanze kununua nini?

SWALI

Shikamooni wakubwa. Mimi ni rubani kijana, narusha ndege ndogo aina ya Cessna 206 kutoka Dodoma. Kazi yetu kubwa ni kupeleka wauguzi na dawa kwenye viwanja vya nyasi kusini mwa Manyoni na Itigi, hadi kule Rungwa, na mara mojamoja tunapita juu ya bwawa la Mtera kwenda Iringa. Kwa kawaida tunakuwa watu watano ndani.

Mwenye ndege amekubali tununue vifaa vya kujiokoa endapo tutatua porini kwa dharura. Ametenga shilingi milioni mbili na amesema uzito usizidi kilo 15. Nimeona mtandaoni mfuko ulio tayari: una kisu kikubwa, ndoano na mshipi, waya wa mitego, blanketi la foili, fataki sita za ishara, chakula cha siku tatu na kiboksi cha huduma ya kwanza. Rubani mwenzangu anasema hayo yote ni kupoteza hela, ELT, yaani kifaa cha ishara ya dharura kilichofungwa mkiani, inatosha. Mwingine anasema ninunue kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, nikilipie kila mwezi, basi. Nimebaki njia panda. Ninunue nini, nikiweke wapi, na je, tunahitaji majaketi okozi kwa ajili ya Mtera?

Rubani wa 206, Dodoma

JIBU

Marahaba, rubani, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kulipa. Mfuko huo uache dukani. Ndoano, mitego na chakula cha siku tatu ni vitu vya mtu aliyepotea porini akiwa mzima, ana miguu miwili na muda mwingi. Ninyi mtakuwa watu watano waliotoka kwenye ndege iliyopiga chini. Huenda mmoja amevunjika paja, mwingine anavuja damu, na mafuta yanachuruzika kutoka kwenye bawa. Hapo hakuna atakayekufa kwa kukosa samaki. Hatari yenyewe ni kushindwa kutoka, kuungua, kuishiwa damu, na baadaye kukaa siku mbili bila maji huku ndege ya kuwatafuta ikipita juu bila kuwaona. Kwa hiyo fedha na kilo zako zigawe kwa kufuata saa: dakika ya kwanza, saa ya kwanza, kisha usiku wa kwanza na wa pili.

Dakika ya kwanza haihitaji fedha nyingi, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Kwa 206 ina jambo lake. Nyingi kati ya hizi zina mlango mmoja wa mbele kushoto kwa rubani, na mlango wa mizigo wa vipande viwili nyuma upande wa kulia. Kipande cha mbele cha mlango huo kinafungukia chini ya flapsi, yale mabamba ya nyuma ya bawa yanayoshushwa wakati wa kutua. Flapsi zikiwa zimeshushwa, kipande kinagonga flapsi na kugota baada ya sentimita chache tu. Na kwenye kutua kwa dharura karibu kila mara flapsi ziko chini. Muuguzi aliyekaa nyuma anasukuma, mlango haufunguki, anaamini umekwama, anaacha kujaribu. Njia ya kutoka ipo: fungua kipande cha mbele kadiri kinavyokwenda, pitisha mkono kwenye upenyo, zungusha kuelekea mbele ule mkono mwekundu ulio kwenye kipande cha nyuma, kisha sukuma kipande cha nyuma kwa nguvu mpaka kifunguke chote.

Maelezo ya mdomo hayatoshi kwa jambo hili. Ndege ikiwa imeegeshwa, shusha flapsi, mketishe kila abiria wako wa kawaida kwenye kiti cha nyuma, mwambie atoke mwenyewe bila kusaidiwa. Kisha arudie akiwa amefumba macho. Kama kibandiko cha maelekezo karibu na mkono huo kimefutika, mwombe fundi wako aliyesajiliwa akiweke upya kabla hujatumia hata senti ya hizo milioni mbili. Na wewe, ukiona kwamba injini hairudi na unaelekea chini, fungua komeo za milango kabla magurudumu hayajagusa ardhi. Bodi la ndege likijipinda, mlango uliofungwa vizuri hubanwa na fremu yake.

Kifaa cha kununua kwa dakika hiyo ni kikata mkanda, kile chenye wembe uliojificha ndani ya kijino, si kisu kilicho wazi. Kisu kikubwa mkononi mwa mtu aliyening'inia kichwa chini kitamkata tumbo kabla ya kukata mkanda. Kikata mkanda kishonewe au kifungwe begani, mahali ambapo mkono wa kulia na wa kushoto yote inafika. Jaribu: jifunge mikanda yote, fumba macho, kifikie kwa kila mkono. Usipokifikia, kisogeze.

Angalia pia mtungi wa kuzimia moto. Tumekuta ndege zenye mitungi midogo ya unga iliyonunuliwa kwenye duka la vipuri vya magari. Unga ule ukipulizwa ndani ya kabini ndogo hamuoni mlango, hampumui vizuri, na unakula nyaya na vifaa vya dashibodi. Unaofaa ni wa haloni au gesi safi iliyoidhinishwa kwa ndege, umefungwa mahali unapoufikia ukiwa umekaa. Mavazi nayo ni kifaa: suruali na shati la mikono mirefu vya pamba, viatu vya kufunika vya ngozi. Nailoni na poliesta huyeyuka na kugandia kwenye ngozi, na ndala mnazovaa kwa ajili ya joto hazitakuvusha kwenye bati lililochanika.

Sasa saa ya kwanza, ambayo fedha zako nyingi ziende huko.

Rubani mwenzako anayesema ELT inatosha, mwulize swali moja: ni ya megahezi 406, au ni ile ya zamani ya 121.5 peke yake? Setilaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa kupokea ishara za dharura, ziliacha kusikiliza 121.5 tangu tarehe 1 Februari 2009. Kifaa cha 121.5 pekee kinasikika tu na ndege inayopita karibu na rubani wake awe amefungulia masafa hayo. Jibu likiwa ni hilo la zamani, mweleze mwenye ndege kwamba suala la ELT ni la matengenezo ya ndege na lina bajeti yake, lisiingizwe kwenye milioni mbili za vifaa vya kujiokoa.

Hata ELT nzuri ya 406 ina udhaifu wake. Inawashwa na mshtuko, na mshtuko wa kutua taratibu kwenye mbuga unaweza usiifikishe. Kosa baya zaidi ni la antena: ELT yenyewe inabaki nzima mkiani, lakini waya wake umekatika au antena imevunjika ndege ilipopinduka, basi inapiga kelele ndani ya bati bila kusikika nje. Ndiyo maana, ukiwa bado angani na una sekunde za kutosha, toa mwito wa Mayday kwenye masafa uliyopo, weka transponda, kile kifaa kinachojibu rada, kwenye 7700, namba ya dharura, kisha sukuma swichi ya ELT ya kwenye dashibodi kutoka kwenye kungoja hadi kuwaka. Usisubiri mshtuko. Na betri yake isomwe tarehe: ikishatumika jumla ya zaidi ya saa moja, au nusu ya maisha yake ikipita, hubadilishwa hata kama tarehe ya mwisho iko mbali.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua ni PLB, kifaa binafsi cha ishara ya dharura cha 406 chenye GPS ndani. Kitakula karibu nusu ya bajeti yako, na hakina malipo ya kila mwezi. Kinaenea kwenye kiganja, uzito wake ni kama gramu 150. Kikiwaka kinatuma namba yake kila baada ya sekunde 50 hivi, kwa saa zisizopungua 24. GPS ikishashika, wanaotafuta wanapata mahali ulipo kwa usahihi wa takriban mita 100. Bila GPS, setilaiti zenyewe hukadiria ndani ya kilomita kama tano, na kilomita tano za kichaka cha Itigi ni kubwa mno kwa mtu anayetafuta kwa macho.

Kuna mambo matatu ya kumuuliza muuzaji kabla hujalipa. Je, kimewekewa msimbo wa nchi gani? Kilichonunuliwa Marekani au Dubai huenda kikawa na msimbo wa nchi nyingine, na taarifa zako zitaanza kutafutwa huko; omba kipangwe kwa Tanzania. Betri inaisha mwaka gani? Kikiwa kimekaa rafuni miaka mitatu, umelipia miaka mitatu isiyo yako. La tatu, kimeidhinishwa na Cospas-Sarsat? Kuna vitu vyenye taa na kitufe chekundu vinavyouzwa kwa jina linalofanana na hili, navyo si PLB. Ukishakipata, nenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, uulize utaratibu wa kukisajili, na uandikishe namba ya ndege inayoanza na 5H, rangi zake, idadi ya kawaida ya watu na namba za simu za watu wawili wanaopokea usiku. Kisichosajiliwa kinasikika vilevile, ila wanaopokea ishara hawana wa kumpigia kuuliza kama kweli umesafiri.

Namna ya kukitumia: vuta antena yote, bonyeza na kushikilia kitufe hadi taa iwake, kiweke mahali peupe antena ikitazama juu, usifunike sehemu ya GPS kwa mkono. Kiweke juu ya bawa kama ndege haiungui, au kwenye uwanda mtupu. Ukishakiwasha, kiache kiwake mpaka watu wafike. Tumesikia watu wakikizima ili kutunza betri, na hapo ndipo wanapoharibu: kila ukizima, anayekufuatilia anabaki hajui kama umeokolewa au umekufa.

Kuhusu kifaa cha ujumbe cha setilaiti kama inReach, rafiki yako ana hoja, na tungependa ukipate baadaye. Faida yake ni kwamba unajibiwa. Unaweza kuandika kwamba mmoja amevunjika paja, wanne wanatembea, mko kilomita mbili mashariki mwa barabara. Pia kinaacha nyayo zako angani hata kama hukuwahi kubonyeza chochote. Lakini soma mpangilio wake. Kwa kasi ya noti 120 unakwenda maili mbili za baharini kila dakika. Kikipangwa kutuma alama kila dakika 10, alama yako ya mwisho inaweza kuwa kilomita 37 kutoka ulipoangukia. Kikipangwa kila dakika 2, inashuka hadi kama saba. Watu wengi huchagua dakika 10 kwa sababu malipo ni nafuu, halafu wanaamini wanafuatiliwa. Na malipo ya mwezi yakisahaulika, kifaa kinanyamaza. Kwa hiyo PLB kwanza, hiki kifuate.

Kinachofuata kwa umuhimu ni redio ndogo ya mkononi ya masafa ya anga. Ndege kubwa zinazovuka anga ya katikati ya nchi kwa futi 35,000 mara nyingi husikiliza 121.5, na kutoka juu kule rubani anasikia mbali sana, hata mtu aliyeko chini na redio ya wati chache. Nunua inayokubali betri za kawaida za AA, uwekee za lithiamu. Za alkali huvuja zikikaa kwenye kabini iliyoegeshwa juani. Fedha ikibana, iahirishe hii, usiiahirishe PLB. Redio ya ndege yenyewe inaweza kufanya kazi kama umeme upo, ila usiguse swichi kuu wakati unasikia harufu ya mafuta.

Kioo cha ishara ni cha bei ya chini kuliko vyote tulivyotaja na kinaonekana makumi ya kilomita mchana wa jua, na jua si tatizo la Dodoma. Chagua cha kioo halisi chenye tundu katikati. Cha plastiki hukwaruzika mfukoni kikafifia. Kiweke karibu na jicho, nyoosha mkono mwingine mbele na vidole viwili vikiwa vimeachana, iweke ndege katikati ya vidole, kisha pitisha mwanga juu ya vidole kushoto kulia. Hata usipoiona ndege, pitisha mwanga kwenye upeo wa macho polepole. Fataki za kwenye ule mfuko hatuzitaki. Ni vilipuzi ndani ya kabini yenye abiria, zina tarehe ya kuisha, ya mkono inawaka kama dakika moja tu, na kuanzia Juni hadi mvua zianze, cheche moja kwenye nyasi kavu za Rungwa itawaletea moto mahali ambapo mgonjwa wenu hawezi kukimbia. Usiku tochi ya kichwani yenye mwanga wa kumetameta inafaa zaidi.

Damu. Kiboksi cha huduma ya kwanza kinachouzwa na ule mfuko kimejaa plasta. Plasta haimwokoi aliyekatika mshipa wa paja; huyo ana dakika chache. Nunua mikanda miwili ya kuzuia damu, ile yenye kijiti cha kuzungushia, ya aina ya CAT, kwa muuzaji wa vifaa vya hospitali unayemwamini. Za bandia ni nyingi, bei yake ni ya kutupa, na kijiti chake cha plastiki hukunjika pale pale unapokaza. Funga sentimita 5 hadi 8 juu ya jeraha, si juu ya kiungo, zungusha hadi damu isimame, andika saa kwenye paji la uso la majeruhi, usilegeze. Ongeza bandeji mbili pana za kukandamiza, roli nne za gozi, gango moja laini la alumini la kufungia mfupa, glovu, parasetamoli na pakiti kumi za ORS. Dawa za maumivu aina ya ibuprofeni ziache; kwa mtu aliyepungukiwa maji zinaumiza figo. Na tafadhali waeleze wauguzi wako kwamba mkanda huo si wa nyoka. Aliyeumwa na moma au koboko alazwe, kiungo kifungwe gango kisitikisike, asichanjwe, asinyonywe, asikazwe kamba.

Sasa nikiweke wapi, umeuliza, na hili ndilo tunalolisisitiza kuliko bei. PLB, kikata mkanda, kioo, filimbi, tochi ya kichwani, mkanda mmoja wa damu, bandeji moja na redio vikae kwenye kizibao cha mifuko ulichovaa wakati wote unaporuka, kimebana mwilini chini ya mikanda ya bega. Vilivyomo kwenye mfuko nyuma ya viti hesabu kwamba unaweza usivione tena, kwa moto au kwa mzigo uliovifunika. Rubani anayevua kizibao kwa sababu ya joto na kukitundika kwenye kiti cha pembeni ameshakipoteza. Rangi iwe ya chungwa au kaki. Usichukue buluu iliyoiva wala nyeusi: mbung'o wa Rungwa na Kizigo hufuata rangi hizo, wanang'ata kupitia shati jepesi, na wanaweza kubeba malale. Sare nyingi za marubani ni suruali ya buluu. Kwa safari za huko omba ubadilishiwe kaki.

Usiku wa kwanza na wa pili ni hasa maji na kivuli. Hapa kilo zinabana, na mwenye ndege ana haki ya kubana. Uwanja wa Dodoma uko futi 3,670 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 30 ndege inaruka kana kwamba iko karibu futi 6,300. Kila kilo inahesabika. Sisi tungegawa hivi: chupa sita za maji za lita moja na nusu, kilo 9, kizibao na vilivyomo, kilo moja na nusu, mfuko wa damu na dawa, kilo moja na nusu, turubai jepesi la chungwa la mita 3 kwa 4, kilo moja, mifuko mitano ya kulalia ya foili, panga, vyandarua vya kichwa vitano, na vitu vidogovidogo, kilo mbili. Hapo umefika 15. Kisha iwe sheria kwamba kila abiria anapanda na chupa yake ya lita moja na inapimwa pamoja naye. Hivyo mna lita karibu 14, chini kidogo ya lita tatu kwa mtu. Hiyo inatosha mchana mmoja wa Oktoba mkiwa mmelala kivulini. Haitoshi mkitembea.

Chupa nyingi ndogo ni bora kuliko dumu moja, maana dumu likipasuka yamekwisha yote. Zibadilishe kila miezi mitatu. Weka pia vidonge vya kutibu maji, lakini soma pakiti: vile vya kawaida vya nyumbani vya miligramu 67 ni vya lita 20, ukitia kimoja kwenye chupa hamtayanywa. Tafuta vya lita moja. Maji ya dimbwi yachujwe kwanza kwa kitambaa, maana tope humaliza nguvu ya klorini, kisha yasubiri dakika 30.

Blanketi la foili lililo wazi linapasuka kwa mwiba wa kwanza na kupeperuka. Mfuko wa foili wa kuingia unahifadhi joto hata kwa aliyelala chini, na usiku wa Julai huku hushuka hadi nyuzi 13 au 14, baridi inayomtosha majeruhi aliyepoteza damu. Mchana msikae ndani ya kabini, ni tanuri. Kaeni chini ya bawa au turubai, harufu ya mafuta ikishaisha. Usiku kabini ni kinga nzuri dhidi ya fisi na simba.

Kuna jambo la Manyoni na Itigi ambalo orodha za nje hazina: nyuki. Ni nchi ya asali ile. Wakiishiwa maji kiangazi, chupa iliyo wazi inawaleta kwa mamia. Funika maji muda wote, kunyweni kwa zamu, msiwapige. Chandarua cha kichwa kina gramu kama 50 na kinazuia mtu kupoteza akili siku ya pili. Kama ndege imeangukia mzinga, tokeni mbio na msirudi kuchukua mizigo mpaka giza.

Moto uandaliwe mapema hata kama hauwashwi: safisha mduara wa mita tatu hadi udongo, kusanya kuni na majani mabichi, na weka oili ya injini kwenye kopo. Mkisikia ndege, majani mabichi yanatoa moshi mweupe, kitambaa chenye oili kinatoa mweusi. Viberiti viwili kwenye mfuko wa plastiki uliobanwa na kiwashio kimoja vinatosha. Chakula ni tende na biskuti, gramu 400 tu.

Je, mkae au mwondoke? Kaeni. Ndege inaonekana kirahisi kuliko mtu. Lakini kichaka cha Itigi kina tabia yake: ni kimo cha mita tatu hadi tano, kimefungana, na ndege iliyozama humo haionekani ukiwa kando kidogo tu, wala kioo chako hakipati jua. Hapo panga ndilo linalofanya kazi: fungua uwazi wa kutandaza turubai la chungwa, au mmoja aliye mzima asogee hadi njia ya tembo au mbuga iliyo karibu akiwa na PLB, akiweka alama kila hatua chache. Ukanda wa Bahi na Kintinku ni tofauti. Wafugaji watawafikia kabla ya ndege yoyote. Moshi, filimbi na simu ndivyo vya kwanza. Mtandao ukiwa hafifu, tuma ujumbe mfupi badala ya kupiga. Hupita mahali sauti inakatika.

Hili linaanzia kwenye ramani yako. Njia ya moja kwa moja hadi Rungwa inakuokolea dakika chache za mafuta, lakini ukifuata reli hadi Itigi kisha ukakunja kusini sambamba na barabara ya Itigi, Rungwa hadi Makongolosi, utaanguka karibu na lori. Jaza mpango wa safari kila mara. Ukichelewa dakika 30 bila mawasiliano, hatua ya kwanza ya tahadhari huanza. Bila mpango hakuna saa inayohesabiwa. Mwachie mtu Dodoma karatasi yenye njia, mafuta ya saa ngapi, watu wangapi na rangi ya ndege.

Tarehe mosi ya kila mwezi fungua kila kitu: jaribio la PLB mara moja tu kwa kitufe cha majaribio, la GPS mara chache kwa mwaka kwa sababu linakula betri, maji, tarehe za dawa, betri za tochi.

Mtera: jaketi okozi linahitajika pale unapokuwa mbali na ufuko kuliko ndege inavyoweza kuteleza bila injini. Ukiwa futi 3,000 juu ya maji, 206 inateleza kama kilomita 8 hewa ikiwa tulivu. Upepo wa mbele unazipunguza. Pita juu zaidi, au zunguka kando ya tuta na daraja, na kilo hizo zibaki kuwa maji ya kunywa. Ukilazimika kuvuka katikati chini, basi majaketi matano ya kujaza hewa, yavaliwe kiunoni kabla ya kupaa, na kila abiria aambiwe asiyajaze akiwa bado ndani. Lililojaa litambana kwenye dari, na mlango wa 206 mnaujua ulivyo.